Ramani ya Kuonyeshwa na Ramani ya Kupewa

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea malalamiko ya namna moja kutoka pwani ya kusini, tangu Ukunda na Diani hadi Msambweni na Ramisi. Wananchi wanaitwa mkutanoni kuelezwa habari za ardhi yao. Msemaji anafungua kompyuta au simu, anaingia katika kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na mara mbele ya macho ya watu inatokea ramani: bahari ya samawati, mapaa ya nyumba, minazi, barabara, na juu ya vyote hivyo mstari mwekundu. “Mpaka ndio huo,” wanaambiwa. Watu wanasogea, wanatazama, wengine wanazitambua nyumba zao na kufurahi kama watoto. Kisha kompyuta inafungwa, msemaji anapanda gari, na wananchi wanarudi majumbani wakiwa wameona kila kitu wala hawakupewa kitu.

Hatuyasemi haya kwa kuogopa mashine. Tunakumbuka vizuri kwamba Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi na matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yamepigwa marufuku, walikuwa ni Wakenya waliounda Ushahidi, ramani ya kwenye intaneti iliyomwezesha mwenye simu yoyote kuripoti mauaji, uporaji na uchomaji wa nyumba. Ramani ile ilisaidia ukweli usizikwe pamoja na maiti. Programu yake ikatolewa bure, ikatumiwa na mataifa mengi. Basi ramani ya kwenye kivinjari ina heshima yake katika historia ya nchi hii, na tunaipa. Tunalolikataa ni kuifanya ramani hiyo kuwa mwanzo na mwisho wa haki ya mwananchi kujua mambo ya ardhi yake.

Wenye umri wetu hawajausahau mlolongo. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni mchana kweupe nyuma ya mawakala wa wagombea, wote wa chama kimoja. Hapakuwa na jambo lililo wazi kuliko hilo, kwani macho ya kijiji kizima yaliona foleni ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Lakini jioni foleni zilipotawanyika, haikubaki karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya, na katika sehemu nyingi aliyetangazwa mshindi akawa ni yule wa foleni fupi. Watu walikuwa wameona. Hawakuwa na cha kushika mkononi. Ndiyo maana madai ya vyama vingi hayakuwa madai ya vyama peke yake. Yalikuwa pia madai ya sanduku, ya karatasi, na ya fomu iliyotiwa sahihi mbele ya mawakala wa kila upande. Safari hiyo haikwisha Desemba 1991 kilipofutwa kifungu cha 2A cha katiba. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na kasoro za kupeleka matokeo, pamoja na mitambo ya kompyuta iliyokataliwa kufunguliwa ikaguliwe, zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka hadharani picha za Fomu 34A za vituo vya kupigia kura, vituo 46,229 kwa jumla, na aliyetaka alizichukua akajumlisha mwenyewe nyumbani kwake. Ubishi haukukosekana, lakini ulikuwa ubishi juu ya karatasi ambazo kila upande ulikuwa nazo.

Katika mambo ya ramani, Kwale bado iko katika mlolongo.

Hebu tuieleze mashine yenyewe, kwa maana wengi wanaoonyeshwa hawajaelezwa. Mtu anapofungua ramani katika kivinjari, kinachomfikia kwa kawaida ni vipande vya picha vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Picha hizo zinatoka katika kompyuta kubwa ya mwenye huduma, na akisogeza kidole vinaletwa vigae vingine. Mistari ya mipaka huwekwa juu ya picha hizo. Lakini kiini cha mstari si rangi yake. Mstari wa mpaka ni orodha ya tarakimu: kila kona ina latitudo na longitudo yake, na kila kona imepatikana kwa njia fulani, siku fulani, kwa mkono wa mtu fulani. Tarakimu hizo ndizo data. Madirisha mengi ya ramani yanayofunguliwa na ofisi na makampuni humpa mtazamaji rangi, nazo tarakimu zikabaki kwao. Mwananchi hawezi kuzichukua akampelekea mpima ardhi wa kumtegemea, hawezi kuzilinganisha na ramani ya baba yake, wala hawezi kuziweka mbele ya hakimu.

Huduma iliyoenea kuliko zote ni ramani za Google, zilizoanza mwaka 2005. Mwaka 2007 ikaja My Maps, ambayo kwayo mtu wa kawaida huchora ramani yake na kuwapelekea wenzake kiungo cha kuifungulia. Vikundi vingi vya vijana wa pwani vinaitumia, na hatuwalaumu, kwani ni ya bure na ni nyepesi. Lakini ina mipaka yake. Ramani moja haipokei zaidi ya tabaka 10, na orodha ya kuingizwa haipiti mistari 2,000. Kwa mtu wa kuonyesha mahoteli ya Diani, hizo zinatosha na kusaza. Kwa lokesheni moja yenye viwanja, njia za miguu, visima, makaburi, mashamba ya minazi na miti ya mipaka, haziendi mbali. Programu yake ya simu za Android iliondolewa Oktoba 2021, na tangu hapo mwenye simu huingia kwa kivinjari. Ramani ya namna hiyo humwonyesha mtazamaji mstari uliopo leo. Haimwonyeshi ulikuwa wapi jana, wala ni nani aliyeusogeza.

Tuwe waadilifu: My Maps ina mlango wa kuteremshia faili yenye tarakimu, faili iitwayo KML. Mlango wenyewe uko nyuma ya vidoto vitatu pembeni mwa jina la ramani. Lakini wangapi waliopelekewa kiungo wamewahi kuambiwa kuhusu vidoto hivyo? Tuliwauliza vijana kumi na wawili waliosoma hadi kidato cha nne na zaidi. Aliyejua alikuwa mmoja.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito. Kilichohifadhiwa nyumbani kwa mtu hufunguliwa na kufungwa kwa hiari ya mwenye nyumba. Google Maps Engine, iliyokuwa ya kuhifadhi na kushirikisha ramani kubwa, ilifungwa Januari 2016. Map Maker, ambamo watu wa Afrika walijitolea kuchora barabara na vijiji vyao kwa miaka kadhaa, ilifungwa Machi 2017. Fusion Tables, iliyopendwa na waandishi wa habari na watafiti kwa kuonyesha majedwali yao juu ya ramani, ilizimwa Desemba 2019. Kila mara tangazo lilitolewa mapema, na aliyekuwa na akili ya kuchukua faili zake alizichukua. Aliyekuwa na kiungo tu alibaki na kiungo kisichofungua kitu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa tunaona kwamba hata daftari likikaa kwa mwingine habari zaweza kwisha vilevile.

Jambo hili liliwahi kufika hata kwa wakubwa wa fedha. Mapema mwaka 2012 Benki ya Dunia ilitangaza mapatano na Google ili ramani zilizochorwa na raia kupitia Map Maker zitumiwe na mashirika na serikali za Afrika. Waliosoma masharti wakauliza: je, raia aliyechora barabara ya kijiji chake ataweza kuichukua data hiyo na kuitumia apendavyo? Kelele zilipozidi, benki ilieleza mwaka huohuo kwamba itaunga mkono tu kazi ya uchoraji ramani ya raia inayowapa raia hao data yao bila kizuizi. Mfano wa kazi ya namna hiyo ulikuwapo tayari, yaani OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo data yake huchukuliwa nzima na yeyote. Kibera ilichorwa humo kuanzia mwaka 2009 na vijana wa Kibera wenyewe, na kilichochorwa hakikugeuka kuwa mali ya kampuni.

Sasa turudi nyumbani, maana kwetu kuna mtego ambao wageni hawaujui. Ramani nyingi za ardhi za Kenya zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu na ramani za kwenye kivinjari hutumia msingi mwingine, WGS84. Misingi hii miwili ni kama wapimaji wawili walioanza kuhesabu hatua zao kutoka vizingiti viwili tofauti. Ukichukua tarakimu za ramani ya zamani na kuziingiza katika ramani ya kivinjari bila kuzibadilisha, kila kitu kinahama takriban mita 300 kuelekea kaskazini, na kiasi cha mita 90 au 100 kuelekea magharibi. Mita 300, ndugu msomaji, katika ufuo wa Diani! Kiwanja cha mtu kitajikuta katika ua wa jirani wa tatu au wa nne, na njia ya wavuvi itapita katikati ya bwawa la kuogelea la hoteli. Mashine haitalalamika. Itachora mstari mwekundu ulionyooka na safi kana kwamba umeteremshwa kutoka mbinguni. Ramani isiyosema imejengwa juu ya msingi gani haiwezi kusahihishwa na anayeitazama, hata akiwa mpima ardhi stadi, kwa sababu hajui aanzie wapi.

Wapo wanaosema ubaya wa ramani hizi ni kwamba zinaipotosha dunia, na kwamba Greenland huonekana kubwa kama Afrika ilhali Afrika ni mara kumi na nne yake. Ni kweli, lakini sisi tu jirani wa ikweta, nyuzi nne tu na kitu kusini yake, na upotofu huo hapa ni mdogo mno. Tusiwasukume wananchi wagombane na jambo lisilowadhuru, wakaliacha linalowadhuru.

Linalowadhuru zaidi ni unene wa mstari. Katika ramani ya karatasi ya kipimo cha 1 kwa 50,000, milimita moja ni mita 50 za ardhi. Aliyechora mpaka wa msitu kwa kalamu yenye ncha ya nusu milimita amekwisha kufunika mita 25, na kila mtu aishikaye karatasi hiyo anaona kwamba ni ramani ya jumla. Mtu akiuhamisha mpaka huo katika kivinjari, unaweza kuukuza mpaka uone paa la banda la kuku, nao mstari unabaki mwembamba vilevile. Kivinjari hakimwambii mtazamaji kwamba anakuza ujinga. Hata sheria ina busara kuliko mashine hii: kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ilipoandikwa katika rejesta kwamba mipaka imepimwa na kuthibitishwa. Mzozo wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi, juu ya ardhi yenyewe, penye bikoni na mashahidi. Lakini tumesikia kwa masikio yetu mwananchi akiambiwa, “Mzee, kompyuta imekataa.” Kompyuta haina mamlaka hayo.

Tuliwahi kuketi na wazee chini ya mwembe, katika kijiji kimoja upande wa Msambweni. Walikuwa wamepelekewa kiungo na ofisi moja ambayo hatutaitaja. Mjukuu wa mmoja wao alikifungua katika simu, na mstari ukatokea ukipita kati ya mwembe ule na makaburi ya wazazi wao, na kuyaacha makaburi upande wa pili. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa ameketi kando akauliza swali moja tu: “Mwanangu, hao waliuchora wakiwa wamesimama wapi?” Hapakuwa na jibu. Ramani haikuonyesha tarehe, haikutaja mpima, wala kipimo. Kabla hatujamaliza kuitazama, bando la kijana likaisha, na mahali pa makaburi pakawa na mraba wa kijivu. Juma lililofuata tulifungua kiungo kilekile tukiwa Ukunda. Mstari ulikuwa umehama. Huenda ulisahihishwa kwa nia njema. Lakini hatukuwa na nakala ya ule wa kwanza, na ushahidi wetu ulikuwa ni macho ya wazee sita.

Watu wa Kwale wana sababu ya kuuliza waliochora walisimama wapi. Kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wakazi wa ukanda wa maili kumi waliotakiwa kudai ardhi zao mbele ya wakuu wa kikoloni na hawakudai, wengine kwa kutojua lolote, waliamka siku moja wakaambiwa wamelala juu ya ardhi ya serikali. Mwaka 1995 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Wavuvi waliikataa kwa kuwa ilishuka juu ya miamba yao kabla ya wao kukubaliana nayo, na hifadhi haikupata kutekelezwa sawasawa. Hata hivyo, ramani nyingi za intaneti bado huipaka rangi kana kwamba ni jambo lililokwisha. Mvuvi wa Mwaepe au wa Gazi huijua miamba kwa kulinganisha mnara na mnazi, kwa rangi ya maji, kwa majina ya milango ya bahari aliyoachiwa na babu yake. Maarifa hayo ni data pia. Yakikusanywa na mgeni na kuwekwa katika dirisha lake, mvuvi anakuwa mtazamaji wa elimu yake mwenyewe.

Na ziko njia za kuendea ufuoni. Kila mkazi wa Diani anajua njia aliyopita utotoni ambayo leo ina ukuta au lango lenye askari. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini, zikiwamo hifadhi za barabara na misitu, ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Njia ya umma ikiisha kufungwa na kuota majani, picha ya setilaiti huionyesha kama bustani ya mtu. Haki ya njia haionekani kutoka angani. Imo katika ramani ya upimaji wa kwanza, na ramani hiyo ndiyo wananchi wanayopaswa kupewa, wala si picha nzuri ya bustani.

Kwa upande mwingine yapo mambo ambayo hayafai kuanikwa kabisa. Kaya nyingi za Kwale zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa kuanzia mwaka 1992, na mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, Kaya Kinondo ikiwamo. Mpaka wa nje wa kaya wapaswa kujulikana na kila mtu, hasa na mwenye tingatinga. Lakini ndani ya kaya mna mahali pa mgeni, mahali pa mwenyeji, na mahali pa wazee peke yao. Huduma za ramani tunazozizungumzia hazijui milango hiyo. Zinajua ramani iliyofungwa, na ramani ya kila mwenye kiungo, na kiungo kikishaingia katika kikundi kimoja cha WhatsApp kimekwisha kufika Mombasa na Frankfurt. Makumbusho ya Marekani yameshawahi kurudisha vigango vya Wamijikenda vilivyoibwa na kuuzwa ng'ambo, na wezi wale hawakuhitaji hata ramani. Wazee wakisema mahali fulani pasiandikwe, wasiambiwe wanapinga maendeleo.

Ili tusionekane wa kulaumu tu, twendeni Gazi. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti, wanatunza hektari 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, na kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa. Fedha zake zimekwenda katika maji na shule. Vanga walifuata mwaka 2019 kwa hektari zaidi ya 400. Mnunuzi wa hewa ya ukaa halipii picha ya mikoko. Analipia hektari zinazoweza kupimwa tena na mkaguzi mwingine, katika vipande vya msitu vinavyojulikana kona zake, ambamo miti imehesabiwa. Kama mradi ule ungekuwa na kiungo tu badala ya tarakimu, usingepata hata shilingi. Basi ikiwa tajiri wa Ulaya hapewi picha bali vipimo, kwa nini mkulima wa Msambweni apewe picha?

Swali hilo limekuwa la haraka kwa sababu ya machimbo ya titani. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuzalisha madini mwishoni mwa mwaka 2013 na kuacha kuchimba Desemba 2024. Familia zilihamishwa Maumba na Nguluku ili kazi hiyo ifanyike. Sasa linalozungumzwa ni ardhi iliyochimbwa: ipi imefukiwa, ipi imepandwa miti, mabwawa yako wapi, maji ya chini yalipimwa wapi na lini, na ni nani atakayepewa nini. Wizara inayohusika na madini ina rejesta ya leseni katika mtandao, yenye ramani, na hiyo ni hatua njema. Lakini mwananchi wa Nguluku anayetaka kujua kama kisima chake kimo ndani au nje ya mstari hahitaji dirisha la kuchungulia. Anahitaji kona zote za mstari ule kwa tarakimu, na matokeo ya upimaji wa maji na udongo pamoja na mahali yalipochukuliwa, katika faili ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuifungua kwa programu ya bure kama QGIS, katika kompyuta isiyo na intaneti. Hayo yakitolewa miaka kumi baadaye, waliohusika watakuwa wamekwisha kuhama.

Wenye ofisi watajibu kwamba data ni nyeti, kwamba wananchi wataitumia vibaya, kwamba faili ni ngumu kwa watu wa kijijini. Majibu haya tuliyasikia zamani juu ya kura. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi ndani ya siku 21. Sheria hiyo haisemi kwamba kuonyeshwa kiooni ni kupewa. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi Aprili 2021, na unapopanuliwa kwenda kaunti nyingine tunataka ujulikane mapema: Kwale haitaridhika na dirisha.

Tunalodai si kubwa. Popote ofisi ya umma, au kampuni yenye leseni ya umma, inapowaonyesha watu wa Kwale mstari katika kivinjari, na iwape faili ya mstari huo siku hiyohiyo, ikiwa imeandikwa msingi wa upimaji, kipimo cha ramani ya asili, tarehe, na jina la ofisi iliyopima. Nakala ya karatasi yenye tarakimu za kona zote ibaki kwa chifu na nyingine katika ofisi ya wadi, mahali ambapo mama asiye na simu anaweza kuikuta. Mstari ukisahihishwa, ule wa zamani usifutwe. Uwekwe pembeni ukiwa na tarehe yake. Na pale wazee wa kaya au wavuvi wanapokataa jambo fulani lisichorwe, kukataa kwao kuandikwe na kuheshimiwa.

Vijana wetu nao wana sehemu yao. Mnaotengeneza ramani za visima, za njia na za makaburi, endeleeni kuzionyesha katika kivinjari, lakini fungueni vile vidoto vitatu kila mwezi, mteremshe faili, mwiweke katika diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyenzake. Andikeni majina ya vijiji kama wenyewe wanavyoyatamka: Bongwe, Mvindeni, Mwabungo, Muhaka. Anayetafuta huko leo mara nyingi hukutana na majina ya mahoteli kabla ya majina ya watu.

Sisi tumekwisha kuanza. Tumeiandikia ofisi iliyotuma kile kiungo cha Msambweni, kwa jina la wale wazee sita na yule bi mkubwa, tukiomba tarakimu za mstari wa kwanza na za mstari wa pili, na jina la aliyeusogeza. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Siku 21 zikitimia tutachapa jibu katika ukurasa huu, na lisipokuja tutaacha nafasi yake ikiwa tupu, toleo baada ya toleo, mpaka lije.